Rubani na Dhamana ya Roho za Watu

Sisi wa Kamunyonge, mjini Musoma, twaishi kando ya Ziwa Victoria, na twajua ya kuwa chombo hakiongozwi kwa nguvu za mikono peke yake, bali kwa elimu. Kwa hiyo yafaa leo tumkumbuke bingwa wa elimu hiyo, Ahmad bin Majid.

Alizaliwa Julfar, katika Ghuba, karne ya 15. Baba yake na babu yake walikuwa marubani, naye akairithi kazi yao. Lakini hakuridhika na urithi mtupu. Alichunguza nyota, pepo za misimu na alama za pwani, hata za Afrika ya Mashariki mpaka Sofala. Yapata mwaka 1490 alikamilisha kitabu chake kikubwa cha elimu ya bahari, Kitab al-Fawaid.

Humo aliandika pia wajibu wa rubani: akikague chombo kingali nchi kavu na kuziandika kasoro zake, asafiri kwa majira yake, awe mvumilivu, wala asimdhulumu mtu.

Baada ya kufa alisingiziwa. Mwandishi mmoja wa Makka, karne ya 16, alidai kuwa Bin Majid aliwaonyesha Wareno njia ya Bara Hindi akiwa amelewa. Wengi wakaamini kuwa ndiye aliyemwongoza Vasco da Gama kutoka Malindi mwaka 1498. Lakini waandishi wa Kireno wenyewe wamtaja rubani wa Gujarat, na wataalamu wengi wa leo wameikataa hadithi hiyo. Basi tusilihukumu jina la mtu kwa uvumi.

Leo wajibu ule umekuwa sheria. Meli kubwa haziingii bandari ya Dar es Salaam pasipo rubani, na tangu mwaka 2018 usalama wa vyombo, hata vya ziwani, husimamiwa na TASAC. Hata hivyo, mwaka huo huo kivuko cha MV Nyerere, kilichopakia kupita kiasi, kilipinduka karibu na Ukara. Watu zaidi ya 200 wakafa.

Sheria peke yake haitoshi, ndugu zetu. Manahodha wengi, chombo huenda mrama. Mwenye dhamana akisema chombo kimejaa, basi kimejaa. Tusimwite mwoga, wala tusimshawishi kwa fedha. Anayebaki gatini leo atavuka kesho.