Louis Pasteur na Uhai wa Hamira

Louis Pasteur alizaliwa mwaka 1822 katika mji wa Dole, nchi ya Ufaransa. Baba yake alikuwa mtengeneza ngozi, aliyepata kuwa askari wa Napoleon. Mali hakuwa nayo, lakini alitaka sana mwanawe asome. Mwana akasoma, akawa mwalimu wa kemia, na mwaka 1854 akapelekwa kufundisha katika mji wa Lille.

Huko watu walikuwa wakitengeneza spiriti kwa mizizi mitamu iitwayo bitiruti. Mwaka 1856 bwana mmoja mwenye kiwanda alimwendea na shida yake: mapipa mengine yaliumuka vema, na mengine yaliharibika yakawa machungu kama maziwa yaliyoganda, wala hakujua sababu. Pasteur akatwaa matone ya kila pipa, akayatazama kwa darubini ya vitu vidogo. Katika pipa zuri aliona chembe za hamira, za mviringo, zikichipua nyingine. Katika pipa baya aliona vijiti vidogo sana.

Siku zile Liebig, mtaalamu mkuu wa Ujerumani, alifundisha ya kuwa hamira ni kitu kinachooza tu, na kuoza kwake ndiko kunakoivunja sukari. Kumpinga mtu kama huyo halikuwa jambo jepesi. Basi Pasteur alitia sukari katika maji safi, pamoja na chumvi ya amonia na majivu ya hamira, akatia humo hamira kiasi cha kichwa cha pini. Haikuoza, bali iliongezeka. Tena aliona mafuta ndani ya chembe zile, naye hakutia mafuta katika maji yale: hamira ilijitengenezea yenyewe kwa sukari. Kitu kinachooza chawezaje kufanya hivyo?

Liebig hakukubali. Mwaka 1868 Pasteur alipooza upande wa kushoto, walakini mwaka 1870 alisafiri mpaka Munich kumwona. Mzee akampokea kwa adabu, akatoa udhuru wa ugonjwa, asitake kuzungumza habari hiyo. Akafa mwaka 1873.

Katika kitabu chake juu ya bia, cha mwaka 1876, Pasteur alieleza ya kuwa hamira iliyokaa sana pasipo hewa hudhoofika, nayo hupata nguvu tena ikipewa hewa kidogo. Jambo aliliona, sababu hakuipata, naye alifariki mwaka 1895. Mwaka 1953 na 1954 ndipo wataalamu walipoonyesha ya kuwa hamira haiwezi kuunda mafuta fulani pasipo hewa. Mafuta hayo ni ya utando mwembamba uzungukao kila chembe, nao ndio mlango wa chakula kuingia na taka kutoka. Yakipunguka, utando hudhoofika, na spiriti ile ile iliyofanywa na chembe huidhuru. Mtu akitia mafuta hayo katika maji, hamira huongezeka hata pasipo hewa. Kwa hiyo watengenezaji wengi wa bia hutia hewa katika maji ya kimea, ndipo watie hamira.