Tewodros wa Habasha na mzinga wa tani 7

Kila ninapofika katika somo la Sira kwenye kuzingirwa kwa Taif, mwaka wa 8 Hijria, wanafunzi wangu hapa Usa River huchangamka wanaposikia habari za manjaniki, ile mitambo ya kurushia mawe ambayo Waislamu waliitumia dhidi ya ngome ile. Kijana mmoja wa kidato cha tatu akataka kujua: mbona watu wa upande huu wetu wa Afrika hawakuunda mizinga yao wenyewe, wakakaa mpaka Mzungu akaja na yake? Jibu linalotolewa haraka ni kwamba hawakujaribu. Si kweli. Alikuwepo aliyejaribu kwa nguvu zake zote, na habari zake zinafaa kujulikana na Waislamu hasa, kwa sababu baadhi ya walioumia kwa jaribio lile walikuwa ndugu zetu katika imani.

Mtu huyo ni Tewodros wa Pili, mfalme wa Habasha, nchi ile ile ya Najashi. Alizaliwa kwenye mwaka 1818 hivi huko Qwara, magharibi ya Ziwa Tana, akaitwa Kassa. Baba yake alikuwa wa ukoo wa watawala wadogo, lakini alifariki mtoto akiwa bado mdogo, na mama yake akabaki katika dhiki. Maadui zake walimcheka maisha yake yote kwamba ni mtoto wa muuza dawa ya minyoo. Alisoma katika nyumba za watawa wa Kikristo, kisha akaingia msituni akawa kiongozi wa kundi la wanyang'anyi. Habasha ya siku zile haikuwa na mfalme ila jina tu. Kila jimbo lilikuwa na bwana wake, na kila bwana alikuwa na jeshi lake.

Tukio lililomjenga Kassa, kwa maoni yangu, ni la mwaka 1848. Mwaka huo aliwashambulia askari wa Misri huko Debarki, mpakani na Sudan. Watu wake walikuwa wengi na hodari, lakini Wamisri walikuwa nyuma ya boma, wana nidhamu na wana mizinga. Habasha walifyekwa. Wengine wangetoka pale na chuki tu dhidi ya adui. Yeye alitoka na elimu: kwamba ushujaa mbele ya mzinga ni kujipeleka machinjoni.

Miaka saba baadaye alikuwa amewashinda mabwana wakubwa mmoja baada ya mwingine, na Februari 1855 akavishwa taji kwa jina la Tewodros. Alitaka nchi moja, jeshi moja linalolipwa mshahara badala ya kupora wakulima, na barabara. Na alitaka mizinga. Si ya kununua, kwani bandari ya Massawa ilikuwa mikononi mwa Waturuki na silaha hazikupita kwa urahisi. Alitaka iundwe nchini mwake.

Mafundi aliwapata wapi? Hapa kisa kinachekesha na kusikitisha kwa pamoja. Kulikuwa na wamisionari mafundi, vijana wa Kizungu waliofunzwa katika chuo cha St. Chrischona karibu na Basel, Uswisi, waliokuja kueneza Injili. Mmoja wao, Theophil Waldmeier, ameacha kumbukumbu za maisha yake. Mfalme aliwaweka Gafat, karibu na mji wake wa Debre Tabor, akawaambia waache mahubiri wamtengenezee mizinga. Wakasema hawajui kazi hiyo. Akawafunga minyororo watumishi wao mpaka wakakubali kujaribu. Alikuwepo pia Moritz Hall, Myahudi wa Poland aliyebatizwa.

Kusubu mzinga si kazi ya kubahatisha. Unatengeneza kalibu ya udongo, unaikausha vizuri, unayeyusha shaba ya kutosha chombo chote, kisha unaimimina kwa mkupuo mmoja. Unyevu ukibaki ndani ya udongo, kalibu hupasuka. Hewa ikinaswa ndani ya shaba, panabaki mapovu, na siku ya kuwashwa baruti mtutu hupasukia hapo na kuwaua wapigaji wenyewe. Majaribio ya mwanzo pale Gafat hayakufaulu. Wakarudia tena na tena, na kazi yao kubwa kuliko zote ikawa mzinga mfupi wa mdomo mpana, wenye uzito wa takriban tani 7. Mfalme akauita Sebastopol, kwa jina la ngome ya Urusi iliyozingirwa katika vita vya Crimea.

Sasa tazama upande wa pili. Miaka ile ile, huko Elswick, Newcastle, kiwanda cha William Armstrong kilikuwa kikitoa mizinga ambayo mtutu wake ulizungushiwa mapete ya chuma kilichofuliwa, na ndani yake mlichongwa mifereji iliyojipinda ili risasi itoke ikizunguka na kwenda moja kwa moja. Mzinga haukupewa askari kabla ya kujaribiwa, kwa kujazwa baruti kupita kipimo cha kawaida, ili kama una kasoro upasuke pale mbele ya wakaguzi. Huko Shoeburyness, kwenye mdomo wa mto Thames, palikuwa na uwanja wa kazi hiyo tangu 1849. Wenyewe waligombana sana juu ya aina ipi ni bora, na baadhi ya mizinga ya Armstrong ilikataliwa. Lakini kila kosa liliandikwa, na aliyefuata alianzia pale mwenzake alipoishia.

Tewodros alilijua pengo hilo. Mwaka 1862 alimwandikia Malkia Victoria akitaka urafiki na msaada dhidi ya Waturuki. Waingereza, ambao wakati ule walikuwa marafiki wa Uturuki, hawakujibu. Mfalme akaona amedharauliwa, na mwanzoni mwa 1864 akamtia minyororo balozi wao mdogo, Cameron. Mjumbe aliyetumwa kumwombea, Hormuzd Rassam, mzaliwa wa Mosul, naye akazuiliwa mwaka 1866. Wakati huo huo mfalme akaomba Uingereza imletee mafundi na mashine. Mafundi wakafika mpaka Massawa na vifaa vyao, wakaambiwa wasubiri hadi wafungwa waachiwe. Wafungwa hawakuachiwa, na mashine zikarudi zilikotoka.

Ndani ya nchi mambo yalikuwa mabaya zaidi. Mwaka baada ya mwaka Tewodros alikwenda Wollo, nchi ya Waoromo Waislamu, akichoma na kuteka. Ngome ya Magdala yenyewe aliitwaa huko mwaka 1855, na humo alifungia mateka. Mwaka 1865 Menelik, mwana wa mfalme wa Shewa, alitoroka Magdala akapokewa na Worqitu, malkia wa Wollo. Kwa hasira Tewodros akamuua mtoto wa Worqitu aliyekuwa mateka wake. Wala Wakristo wenzake hawakusalimika. Mwishoni mwa 1866 aliupora na kuuchoma Gondar, mji wa wafalme wa dini yake mwenyewe. Askari wakamkimbia kwa maelfu.

Dini yetu inatutaka tufanye uadilifu hata kwa tunayemchukia, kwa hiyo nasema wazi: aliona mbali kuliko watawala wengi wa zama zake, wakiwemo Waislamu. Lakini hebu mlinganishe na Sultani Muhammad Fatih, ambaye mwaka 1452 alimpokea Urban, fundi wa Hungaria aliyeshindwa kulipwa inavyostahiki na Wabizanti, akampa ujira na shaba, akapata mzinga wake. Au rudi nyuma zaidi, kwenye Khandaq, ambapo rai ya Salman Mfursi ilisikilizwa kwa sababu palikuwa na shura. Tewodros alitaka ujuzi utoke kwa watu waliotishwa. Ukatoka kidogo, kisha ukaishia hapo hapo.

Oktoba 1867 aliichoma Debre Tabor akaanza safari ya kwenda Magdala akiwa na mizinga yake. Mamia ya watu waliivuta Sebastopol kwa kamba, milimani na mabondeni, katika njia waliyokuwa wakiichonga njiani, na mfalme mwenyewe akibeba mawe kwa mikono yake. Ilichukua karibu nusu mwaka. Atakayesema mtu huyu hakuwa na himma hajui maana ya himma.

Nyuma yake walikuwa wakija Waingereza. Sir Robert Napier aliteremka pwani ya Zula, Januari 1868, akiwa na jeshi la askari 13,000 kutoka India. Mizinga ya Armstrong ilibebwa na tembo 44. Kassa wa Tigray aliwapisha na kuwauzia chakula, na Waoromo wa Wollo wakaziba njia za kutorokea. Hapo kuna cha kushangaa?

Tarehe 10 Aprili 1868 watu wa Tewodros waliteremka kupigana Arogee. Makombora ya mizinga yao iliyokuwa juu mlimani yaliwapita Waingereza juu ya vichwa. Sebastopol haikumdhuru Mwingereza hata mmoja. Jioni Wahabeshi wapatao 700 walikuwa wamekufa. Kwa Waingereza walijeruhiwa 20, wakafa wawili. Mfalme akawaachia wafungwa wa Kizungu, lakini Napier alitaka ajisalimishe na nafsi yake. Tarehe 13 ngome ilipovamiwa, Tewodros alijipiga risasi kwa bastola aliyozawadiwa na Malkia Victoria. Magdala ikachomwa, vitabu na vyombo vya kanisa vikapakiwa kwenye tembo na nyumbu. Mwanawe Alemayehu alichukuliwa Uingereza, akafa mwaka 1879 akiwa na miaka 18, akazikwa Windsor. Mwaka 2023 kasri la Buckingham lilikataa ombi la kurudisha mabaki yake.

Waingereza waliivunja mizinga waliyoikuta, lakini Sebastopol ingali kule kileleni hadi leo. Waldmeier aliondoka na jeshi la Napier akaenda Lebanon, akaanzisha shule Brummana mwaka 1873. Hall akahamia Jaffa. Tanuri la Gafat halikuwashwa tena. Kassa wa Tigray aliachiwa mizinga na bunduki na Napier kwa fadhila zake, akawashinda wapinzani, akawa Mfalme Yohannes wa Nne, na mwaka 1878 akawalazimisha Waislamu wa Wollo kubatizwa. Na mizinga ambayo Menelik aliwashindia Wataliano pale Adwa mwaka 1896 ilikuwa imesubiwa Ulaya.