Koloneli Philippe Erulin: shujaa wa Kolwezi, mshutumiwa wa Algiers

Siku ya Ijumaa tarehe 19 Mei 1978, saa za alasiri, wakaaji wa Kolwezi waliona maparashiti yakishuka juu ya mji wao. Karibu askari 400 wa Légion étrangère, jeshi la Ufaransa lenye kuandikisha watu wa kigeni, waliruka siku hiyo. Aliyewaongoza alikuwa Luteni-Koloneli Philippe Erulin, mwanaume wa miaka 45. Ndani ya siku chache jina lake lilijulikana Ufaransa nzima. Lakini umaarufu huo ulifufua pia habari ya zamani ambayo wengi walifikiri imekwisha kuzikwa.

Erulin alizaliwa tarehe 5 Julai 1932 huko Dole, mashariki ya Ufaransa, katika familia ya kiaskari. Baba yake alikuwa ofisa na alifia katika vita vya Indochina. Mtoto alifuata njia hiyo hiyo: alisoma katika shule ya maofisa ya Saint-Cyr, kisha akapelekwa Algeria, ambako Ufaransa ilikuwa inapigana na wanamapambano waliodai uhuru wa nchi yao.

Wakati huo hakuwa bado ndani ya Légion. Alikuwa luteni katika kikosi kingine cha parashiti. Mwaka 1957, serikali ya Ufaransa iliwapa askari wa parashiti madaraka ya polisi katika mji wa Algiers ili wavunje mitandao ya wapiganaji. Watu walikamatwa usiku na mchana, wengi waliteswa, wengine hawakurudi tena nyumbani.

Kati ya waliokamatwa mwezi wa Juni mwaka huo alikuwemo Henri Alleg, mkurugenzi wa gazeti la Alger républicain ambalo serikali ilikuwa imelifunga. Alifungiwa katika jengo moja la mtaa wa El Biar, akateswa kwa umeme na kwa maji. Akiwa gerezani aliandika kwa siri yale yaliyompata. Kitabu chake, La Question, kilitoka mwaka 1958 na serikali ikakikamata upesi, lakini maelfu ya watu walikuwa wamekwisha kukisoma. Kati ya maofisa aliowashutumu Alleg, kulikuwemo Luteni Erulin.

Vita vya Algeria viliisha mwaka 1962, na msamaha uliotolewa mwaka huo ulifunga njia ya kuwapeleka maofisa wa namna hiyo mahakamani. Erulin hakuhukumiwa na mahakama yoyote. Aliendelea na kazi yake, akapanda vyeo. Mwaka 1976 alipewa uongozi wa 2e REP, kikosi cha parashiti cha Légion chenye makao huko Calvi, kwenye kisiwa cha Corsica.

Légion ni jeshi lenye historia yake. Mfalme Louis-Philippe aliliunda mwaka 1831, na kwa zaidi ya miaka 100 makao yake makubwa yalikuwa Sidi Bel Abbès, nchini Algeria. Askari wake wanatoka katika mataifa mengi, na mkataba wa kwanza ni wa miaka 5. Kwa desturi ya zamani, mtu anayeingia anaweza kupewa jina jipya, na maisha aliyoyaacha nyuma hayazungumzwi. Ndiyo maana watu wengi waliokimbia madeni, vita ao mambo ya nyumbani walibisha mlango huo. Lakini maofisa wengi ni Wafaransa, na wao wanaingia na jina lao. Erulin aliingia na la kwake.

Nchini Zaïre, tarehe 13 Mei 1978, wapiganaji wa FNLC, chama cha Nathanaël Mbumba, waliuteka mji wa Kolwezi. Wengi wao walikuwa jandarme wa zamani wa Katanga pamoja na watoto wao, waliokuwa wakiishi Angola. Kolwezi ilikuwa na migodi ya shaba na kobalti ya Gécamines, na zaidi ya Wazungu 2.000 waliishi kule. Mauaji na uporaji vilianza. Rais Mobutu aliomba msaada, na Rais Valéry Giscard d'Estaing wa Ufaransa akakubali.

Safari ilitayarishwa mbiombio. Askari wa Erulin walifika Kinshasa bila parashiti zao, wakapewa za jeshi la Zaïre, za aina ya Kimarekani ambazo hawakuzizoea. Walipanda ndege wakiwa wamebanana sana. Kundi la pili lilifika juu ya Kolwezi giza likiingia, likarudishwa, na kuruka asubuhi ya tarehe 20. Chini, askari wa Zaïre wakiongozwa na Mahele walikuwa wamekwisha kuushika uwanja wa ndege, jambo ambalo mara nyingi linasahauliwa katika hadithi zinazosimuliwa Ulaya. Askari wa Ubelgiji nao walifika siku hiyo ya pili na kusaidia kuwahamisha Wazungu.

Mapigano makali yalitokea mjini na katika eneo la Metal-Shaba. Légion ilipoteza askari 5, na wengine zaidi ya 20 walijeruhiwa. Wazungu zaidi ya 100 waliuawa katika siku hizo za Kolwezi. Waafrika waliokufa, raia na wapiganaji, walikuwa mamia, lakini majina yao hayakuandikwa katika magazeti ya Paris wala ya Brussels. Mwezi wa Juni askari wa Légion waliondoka, na kikosi cha nchi za Afrika, kikiwemo cha Morocco, kikachukua nafasi yao. Mobutu alibaki madarakani miaka mingine 19.

Huko Ufaransa Erulin alipokelewa kama shujaa. Lakini picha yake ilipoenea, magazeti yalikumbusha kitabu cha Alleg, na swali likaulizwa wazi: je, mwokozi wa Kolwezi ndiye luteni wa El Biar? Jeshi lilisimama upande wake. Alleg naye hakurudi nyuma.

Erulin aliacha uongozi wa 2e REP mwaka huo huo wa 1978. Tarehe 26 Septemba 1979 alikufa ghafula alipokuwa akikimbia mazoezi. Alikuwa na miaka 47. Mwaka 1980 filamu ya Raoul Coutard juu ya Kolwezi ilitoka, na ikaongeza sifa ya Légion duniani.

Alleg aliishi hadi mwaka 2013. Mwaka 2018, Rais Emmanuel Macron alikubali kwa jina la taifa kwamba Maurice Audin, mwalimu wa chuo kikuu aliyekamatwa Algiers siku moja kabla ya Alleg na hakuonekana tena, alikufa kutokana na mfumo wa mateso ulioruhusiwa na serikali. Mfumo huo ndio Erulin alioutumikia akiwa kijana.

Kwa familia zilizotoka hai Kolwezi mwezi wa Mei 1978, Erulin ni mtu aliyefika kwa wakati. Kwa wale waliopita El Biar, ni jina la ofisa asiyewahi kujibu mbele ya mahakimu. Kumbukumbu hizi mbili hazifutani. Légion inaweza kumpa mkurutu jina jipya na kuyafunga ya zamani, lakini kamanda wake hakuwa na mlango huo: siku iliyompa sifa kubwa kuliko zote ndiyo iliyorudisha jina lake Algiers.