JOHN SMEATON, MJENZI WA MNARA WA TAA

Je, umepata kusimama ufukoni usiku ukaona taa ikimulika kutoka mbali? Taa kubwa za namna hiyo huwekwa juu ya minara ili manahodha wajue mahali penye miamba, wasije wakavunja vyombo vyao. Katika somo hili utasoma habari za mtu aliyejenga mnara wa taa juu ya mwamba katikati ya maji. Kisha wewe mwenyewe utatengeneza mfano mdogo wa mnara huo, pamoja na mfano wa jahazi.

Utoto wake

John Smeaton alizaliwa tarehe 8 Juni, 1724, huko Austhorpe, karibu na mji wa Leeds, nchini Uingereza. Tangu utotoni alipenda zana za mafundi kuliko michezo. Inasimuliwa kwamba siku moja aliwatazama mafundi waliokuwa wakijenga mtambo wa kuvuta maji mgodini. Aliporudi nyumbani alitengeneza mfano mdogo wa mtambo huo, akaujaribu katika bwawa la samaki la baba yake. Mtambo ulifanya kazi vizuri kupita kiasi: maji yalikwisha bwawani, na samaki wakafa.

Baba yake, ambaye alikuwa mwanasheria, alimpeleka London mwaka 1742 ili asomee sheria. Lakini moyo wa kijana huyu haukuwa katika sheria. Baada ya muda aliiacha, akawa fundi wa vyombo vya kupimia vya wanasayansi. Mwaka 1753 wanasayansi wa London walimpokea katika chama chao mashuhuri.

Mwamba wa hatari

Yapata kilometa 20 kutoka bandari ya Plymouth kuna miamba iitwayo Eddystone. Maji yanapojaa, karibu miamba yote hufunikwa, na nahodha hawezi kuiona. Meli nyingi zilivunjika hapo.

Mnara wa kwanza uliwashwa taa mwaka 1698. Mnamo Novemba 1703 ilivuma tufani kubwa. Mawimbi yaliufagilia mbali mnara huo, pamoja na mjenzi wake, Henry Winstanley, na watu wote waliokuwamo. Mnara wa pili ulijengwa kwa mbao nyingi, nao uliungua Desemba 1755. Sasa Smeaton, akiwa na umri wa miaka 31, akaombwa kujenga wa tatu.

Fikiri jinsi kazi hiyo ilivyokuwa nzito. Kama angekosea, walinzi wa taa wangekufa kama Winstanley. Wangewezaje kujua kama mnara utasimama kabla ya kuujenga?

Mfano mdogo kwanza

Smeaton alikwenda kuupima mwamba. Kisha, kwa mikono yake mwenyewe, alitengeneza mfano mdogo wa mwamba na mfano wa mnara utakaosimama juu yake. Kosa katika mfano husahihishwa kwa kisu na patasi. Kosa katika mnara wenyewe hugharimu maisha ya watu.

Umbo la mnara alilifananisha na mti uitwao mwaloni. Mti huo ni mpana chini, nao huwa mwembamba kadiri unavyopanda, kwa hiyo upepo hauuangushi kwa urahisi. Utazame mbuyu, nawe utaona jambo hilo hilo.

Ili mawimbi yasing'oe mawe, aliyachonga kwa namna ambayo kila jiwe liliumana na wenzake, kama vile seremala anavyounganisha pembe za sanduku. Mawe ya kila safu yalipangwa kwanza nchi kavu ili kuhakikisha kwamba yanaingiana. Ndipo yalipopakiwa mashuani na kupelekwa mwambani.

Tatizo jingine lilikuwa chokaa. Chokaa ya kawaida haigandi vizuri ikiwa imezamishwa majini. Smeaton alijaribu chokaa za namna nyingi. Alifinyanga vidonge vidogo, akavitia majini, akangoja aone kipi kitakuwa kigumu. Aligundua kwamba chokaa iliyochomwa kutokana na mawe yenye udongo wa mfinyanzi ndani yake huganda hata majini. Aliichanganya na majivu ya volkano kutoka Italia.

Jiwe la kwanza liliwekwa Juni 1757. Mafundi walifanya kazi pale tu bahari ilipotulia. Tarehe 16 Oktoba, 1759, mishumaa 24 iliwashwa juu ya mnara uliokuwa na kimo cha meta 22 hivi.

Mwaka huo huo Smeaton alitangaza matokeo ya majaribio mengine aliyoyafanya kwa mfano wa gurudumu la maji. Alionyesha kwamba maji yanayoangukia juu ya gurudumu hufanya kazi kama mara mbili ya maji yaleyale yanayolisukuma kutoka chini. Hata hivyo hakuharakisha kuyatangaza. Alingoja kwanza ayathibitishe kwa magurudumu makubwa, kwani alijua kwamba mfano hauonyeshi kila jambo.

Smeaton alifariki tarehe 28 Oktoba, 1792. Mnara wake uliendelea kuwaongoza mabaharia kwa zaidi ya miaka 120. Haukuanguka. Ila mawimbi yalikuwa yakiula mwamba uliokuwa chini yake, hata mnara ukawa unatikisika. Mwaka 1882 mnara mpya, uliojengwa karibu yake, uliwashwa taa. Sehemu ya juu ya mnara wa Smeaton ilipelekwa Plymouth, ikajengwa tena nchi kavu. Sehemu ya chini ingali imesimama baharini hadi leo.

Kazi ya mikono

Vifaa: udongo wa mfinyanzi, kikonyo cha jani la mpapai, balbu ya tochi, betri, nyaya mbili, ubao, rula.

1. Chagua skeli. Tumia sentimeta 1 badala ya meta 1. Mnara wa meta 22 utakuwa na kimo cha sentimeta 22. Upana wa chini uwe sentimeta 8, na wa juu sentimeta 5.

2. Pitisha nyaya ndani ya kikonyo, kwa kuwa kina uwazi. Kisimamishe ubaoni, ukizungushie udongo.

3. Udongo ukikauka, funga balbu juu, kisha unganisha nyaya na betri. Usitumie kamwe umeme wa nyumbani.

4. Chonga jahazi kwa mti mwepesi, kwa skeli ile ile. Jahazi la meta 20 liwe na urefu wa sentimeta 20. Ukitumia skeli nyingine, huenda jahazi likaonekana kubwa kuliko mnara.

Jaribio

Finyanga mnara wa pili wenye kimo hicho hicho, lakini upana wake uwe sentimeta 5 kutoka chini hadi juu. Usiubandike ubaoni. Finyanga pia mwingine wenye umbo la mnara wa Smeaton, nao usiubandike. Ikishakauka, isimamishe yote miwili juu ya ubao, na mbele ya kila mmoja pigilia kijiti ili usiteleze. Inua upande mmoja wa ubao polepole. Mwenzako awe tayari kuidaka. Upi unaanguka kwanza?

Maswali

1. Kwa nini Smeaton alitengeneza mfano kabla ya kujenga?
2. Eleza sababu ya matokeo ya jaribio lako.
3. Mnara wenyewe ulikuwa imara. Kwa nini basi uliondolewa?
4. Taja jambo moja kuhusu bahari ambalo mfano wako hauwezi kukuonyesha.