Steve Allen: Mpiga piano aliyewafungulia wanamuziki mlango wa usiku

NI usiku wa Septemba 27, 1954, jijini New York. Kijana mrefu aliyevaa miwani ameketi mbele ya piano katika ukumbi wa Hudson. Anawatania watazamaji kwamba kipindi wanachokiona hakitakwisha kamwe.

Steve Allen alikuwa akitania urefu wa kipindi hicho kipya, kilichokuwa kikiendelea hadi saa saba usiku. Hata hivyo, utani huo uligeuka kuwa kama utabiri. Kipindi cha Tonight, ambacho leo kinaitwa The Tonight Show, kingali hewani katika televisheni ya NBC ya Marekani zaidi ya miaka 70 baadaye, na bendi ingali inapiga muziki mbele ya hadhira.

Wengi wakisikia jina la kipindi hicho humkumbuka Johnny Carson, aliyekiongoza kwa miaka 30, kuanzia mwaka 1962 hadi 1992. Allen alikaa hapo kwa muda usiofika miaka miwili na nusu. Lakini yeye ndiye aliyeweka misingi yake yote: mazungumzo ya ufunguzi, wageni, vichekesho, utani na hadhira na, juu ya yote, muziki uliopigwa papo hapo.

Allen alizaliwa Desemba 26, 1921, New York, katika familia ya wasanii wa majukwaani. Baba yake alifariki dunia Steve angali mdogo mno kumkumbuka. Mama yake, Belle Montrose, alikuwa mchekeshaji aliyezunguka mji hadi mji kutafuta riziki, hivyo mtoto alilelewa zaidi na ndugu wa mama huko Chicago, akihamishwa shule mara kwa mara. Akiwa na miaka 16 alitoroka nyumbani, na kwa muda akaishi kwa kuombaomba barabarani.

Piano aliijua kwa sikio. Hakujua kusoma noti za muziki, na hadi uzeeni hakujifunza vyema. Pumu ilimfanya ahamie Arizona kutafuta hewa kavu, na huko ndiko alikoanzia kazi ya redio, katika kituo cha KOY cha mjini Phoenix. Aliandikishwa jeshini mwaka 1943, lakini ugonjwa huohuo ukamrudisha uraiani baada ya muda mfupi.

Baada ya vita, kituo cha redio cha KNX cha Los Angeles kilimwajiri kupiga santuri usiku. Badala yake alizungumza zaidi ya kupiga santuri. Wakubwa wake walipomkaripia, alilisoma karipio hilo hewani, na wasikilizaji wakaja juu kumtetea. Muda si mrefu watu walianza kujazana studio kumtazama.

Usiku mmoja mgeni wake, mwimbaji Doris Day, hakutokea. Kwa kuwa zilibaki dakika nyingi za kujaza, Allen alibeba kipaza sauti akashuka kwa watu waliokuja kutazama na kuanza kuzungumza nao. Mkasa huo ukawa mtaji: mbinu hiyo aliihamishia kwenye televisheni, na waongoza vipindi wengi wa usiku wameirithi.

Alipopewa kipindi cha Tonight, aliujaza ukumbi muziki. Skitch Henderson aliiongoza bendi, na vijana wanne ambao hawakuwa na majina makubwa, Steve Lawrence, Eydie Gormé, Andy Williams na Pat Kirby, waliimba mara kwa mara. Lawrence, Gormé na Williams walitoka hapo kuwa nyota.

Wageni wa jazi nao walipata nafasi. Februari 1956 alipanda hapo Billie Holiday. Ili kuelewa uzito wa jambo hilo, ni vyema kukumbuka kwamba mwanamama huyo alinyang'anywa kibali cha kuimba katika klabu za usiku za New York baada ya kufungwa kwa kosa la dawa za kulevya mwaka 1947. Katika jiji ambalo klabu zake zilimfungia milango, televisheni ilimpeleka hadi sebuleni mwa watu.

Hata hivyo, mwenye mlango alikuwa na chuki zake. Allen aliipenda jazi na nyimbo zenye tungo nadhifu, na aliudharau muziki wa roki uliokuwa ukichipuka. Kuna nyakati aliyasoma maneno ya nyimbo za roki kwa sauti ya taratibu, kana kwamba ni ushairi mzito, ili watu wacheke.

Katikati ya mwaka 1956 NBC ilimpa kipindi kingine, cha Jumapili jioni, ili ashindane na Ed Sullivan wa CBS. Julai 1 mwaka huo alimwalika Elvis Presley, ambaye wiki chache kabla alikuwa amezua kelele nchini kote kwa namna alivyonengua viuno hewani. Allen hakumfukuza, lakini alimvisha suti rasmi ya sherehe na kumwamuru auimbie mbwa aliyevishwa kofia wimbo wa Hound Dog.

Elvis alitii, lakini hakuyasahau masihara hayo. Kesho yake, alipokwenda kurekodi wimbo huohuo, mashabiki walikuwa nje ya studio na mabango wakimdai Elvis halisi. Kwa Allen, hata hivyo, hesabu zilikuwa nzuri: usiku ule alimshinda Sullivan kwa idadi ya watazamaji.

Lakini mtu huyohuyo, Julai 1957, alimpa Jerry Lee Lewis nafasi yake ya kwanza katika televisheni ya taifa, wakati wimbo wake ulikuwa ukikataliwa na baadhi ya vituo vya redio. Wimbo ukapaa. Lewis alishukuru kwa namna isiyo ya kawaida: alimpa mwanawe jina la Steve Allen.

Allen alikuwa ameiacha Tonight Januari 1957, kwani vipindi viwili vilimwelemea. Mlango lakini hakuufunga. Novemba 30, 1959, katika kipindi chake cha jioni, Wamarekani walimwona kwa mara ya kwanza kwenye televisheni yao binti kutoka Afrika Kusini, Miriam Makeba, ambaye baadaye aliupeleka wimbo wa Kiswahili wa Malaika katika majukwaa ya dunia. Mwaka 1963 alimpokea kijana asiyejulikana, Frank Zappa, aliyekuja kupiga muziki kwa kutumia baiskeli. Allen alimcheka, lakini alimwacha apige.

Yeye mwenyewe hakupumzika. Kwa hesabu yake alitunga nyimbo zaidi ya 8,000, aliandika vitabu zaidi ya 50, alicheza nafasi ya Benny Goodman katika filamu ya maisha ya mwanamuziki huyo, na mwaka 1964 alishinda tuzo ya Grammy pamoja na Ray Brown kwa Gravy Waltz.

Uzeeni aligeuka mkosoaji mkali wa uchafu wa lugha na picha katika televisheni, na wapo waliomwona kama mzee aliyepitwa na wakati. Oktoba 30, 2000, akielekea nyumbani kwa mwanawe huko Encino, Los Angeles, gari lake liligongwa kidogo na gari lililokuwa likirudi nyuma. Alidhani hakuumia. Jioni hiyo alijilaza kupumzika, na hakuamka tena. Uchunguzi ulionyesha kuwa damu ilikuwa imevujia kuzunguka moyo. Alikuwa na umri wa miaka 78.

Rekodi nyingi za Tonight ya enzi zake zimepotea, kwa sababu wakati ule hakuna aliyeona thamani ya kuzitunza. Ndiyo maana jina lake limefifia kuliko ya waliomfuata. Kilichobaki ni desturi: kwamba usiku, watu wanapojiandaa kulala, mwanamuziki mgeni hupewa jukwaa aimbe papo hapo mbele ya taifa zima. Allen hakuwapenda wote waliopita hapo. Lakini aliwaacha wapite, na wengi wao walitoka wakiwa wanajulikana kuliko yeye.