Msee wa Narnia Aliwahi Kuachana na Mungu

Unamjua Aslan, yule simba wa Narnia? Aliyemtunga ni C.S. Lewis, mzaliwa wa Belfast. Mathe yake alishikwa na kansa, dogo akaomba apone, lakini 1908 akaaga. Lewis alikuwa na miaka 9 tu. Alipokuwa kijana akaachana na Mungu kabisa. Hata kujeruhiwa vitani Ufaransa 1918 hakukumrudisha. Ni Septemba 1931, huko Oxford, beste yake Tolkien alipiga naye stori hadi saa tisa usiku. Siku chache baadaye akaamini. Narnia ikaanza kutoka 1950, vitabu 7. Sasa cheki kile cha 1955: kijana ana mathe mgonjwa hoi, Aslan anampa tunda, mathe anapona. Manze, hiyo inagusa. Lewis alikufa 22 Novemba 1963, siku ile ile Kennedy alipigwa risasi, so habari yake ikamezwa.