Seroney na Kiti cha Spika

Komredi, kama umewahi kukaa kwenye kikao cha chama cha wanafunzi, unajua nguvu ya mwenyekiti. Yeye ndiye anasema nani aongee, nani akae chini, nani afute maneno yake. Bungeni ni vivyo hivyo, ila huko uamuzi mmoja kutoka kitini uliwahi kumgharimu mtu zaidi ya miaka mitatu kizuizini. Mtu huyo ni Jean-Marie Seroney.

Alikuwa Mnandi. Alisoma Alliance, akaenda Makerere, akavuka hadi Allahabad kule India, kisha London akawa wakili. Mwaka 1961 aliingia Baraza la Kutunga Sheria akiwa upande wa KADU, chama cha majimbo. KADU ilipojivunja 1964 na watu wake wakaingia KANU, yeye aliingia na ulimi wake uleule. Mwaka 1969 alitoa Azimio la Nandi Hills, akidai mashamba ya huko ni ya Wanandi. Akashtakiwa kwa uchochezi, akatozwa faini. Hapo mimi simuungi mkono moja kwa moja, lakini hakuwa mtu wa kuongea kwa kunong'ona.

Mwishoni mwa 1974 wabunge wa kawaida walimtaka awe Naibu Spika. Serikali haikutaka hata kusikia. Ilipoonekana anapita, Rais Kenyatta alilifunga Bunge. Liliporudi Februari 1975, wakamchagua vilevile.

Mwezi uliofuata J. M. Kariuki akauawa. Kamati ya Bunge ikachunguza, na mawaziri waliopiga kura kinyume na serikali wakafutwa. Watu walianza kupima maneno.

Sasa njoo tarehe 9 Oktoba 1975. Martin Shikuku, mbunge wa Butere, anasimama na kusema kuna wanaotaka kuliua Bunge kama KANU ilivyouawa. Mara anadaiwa athibitishe. Ikumbukwe kwamba hiyo ni kanuni halali kabisa: ukitamka jambo Bungeni, toa ushahidi au lifute. Na anayeamua kama umethibitisha au la ni aliyekalia kiti. Siku hiyo kiti kilikuwa na Seroney.

Angeweza kumwambia Shikuku afute, mambo yaishe, watu wakanywe chai. Badala yake aliamua kwamba lililo wazi kwa kila mtu halihitaji kuthibitishwa. Kwa uamuzi huo, kauli ya mbunge mmoja ikawa imepita chini ya mamlaka ya kiti. Ndiyo maana iliuma kiasi kile. Upande wa serikali ulichafuka.

Siku sita baadaye, Oktoba 15, polisi waliingia katika majengo ya Bunge wakawakamata wote wawili. Yaani Naibu Spika, mtu ambaye kazi yake ni kulinda uhuru wa mbunge kusema, anatolewa mlemle ndani. Hakuna mashtaka, hakuna kesi. Sheria ya kuwekwa kizuizini ilitosha.

Kenyatta alifariki Agosti 1978. Desemba mwaka huo Moi, aliyekuwa Makamu wa Rais wakati wa kukamatwa kwao, akawaachilia wafungwa wote wa kisiasa. Seroney aligombea Tinderet tena 1979, akashindwa na Henry Kosgey. Alifariki 1982.

Shikuku yeye alirudi Bungeni, akaendelea kusumbua kwa miaka mingi.